Hodi Kutoka Ndani ya Nyumba

Hodi ni swali. Siku hizi tunaisema kama salamu tu, mkono ushasukuma mlango, lakini waliotulea walikuwa na utaratibu wake. Unabisha, unangoja, unabisha tena, na mara ya tatu usipoitikiwa unageuka unaenda zako. Hujatukanwa. Mwenye nyumba ana haki ya kutofungua, na haki hiyo ndiyo inaifanya hodi iwe hodi. Ukiitoa, kinachobaki ni sauti ya mtu anayekuja kukaa kwenu, mpende msipende.

Kenya tuna hodi iliyoandikwa ndani ya Katiba. Kifungu cha 10 kinaweka ushirikishaji wa umma kati ya maadili ya taifa, na cha 118 kinaliambia Bunge lifanye kazi yake waziwazi na liwahusishe wananchi katika kutunga sheria. Tangu 2010, watu wanapaswa kuulizwa kabla mswada haujawa sheria. Mambo yenyewe huwa hivi: tangazo gazetini, herufi za kutafutia miwani, Kiingereza cha mawakili, likisema mswada unapatikana kwenye tovuti ya Bunge, na kwamba aliye na maoni ayatume kwa Karani kabla ya saa kumi na moja jioni ya tarehe fulani. Basi. Serikali imebisha hodi.

Swali ambalo limenisumbua kwa muda ni hili: ni kitu gani kinafanya kuulizwa kuwe kuulizwa kweli? Nataka kuliangalia kupitia sheria za mtandao, kwa sababu huko ndiko rika letu linaishi, linatafuta riziki, na siku hizi linakamatiwa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo karibu kila shilingi niliyopata imepitia intaneti: kunakili sauti za watu wa mbali, kuandikia makampuni maneno ya tovuti kuhusu matangi ya maji. Kwangu sheria ya mtandao si habari za watu wa teknolojia. Ni kama sheria ya ardhi kwa mkulima. Ikibadilishwa usiku, asubuhi naamka nikiwa kibarua kwenye shamba nililodhani ni langu.

Chukua kisa cha Mei 2025. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa Bungeni, na moja ya mambo yaliyokuwemo ni kuondoa kipengele cha sheria kinachoizuia KRA kumlazimisha mfanyabiashara kutoa siri za biashara yake na data za kibinafsi za wateja wake. Mwanamke mmoja anayetengeneza programu, hapa Nairobi, akaunda tovuti ndogo. Ilieleza vifungu vyenye utata kwa lugha ya kueleweka, halafu ikakupa kitufe. Ukibonyeza, barua pepe ya pingamizi, iliyoandikwa tayari, inaenda Bungeni.

Tarehe 30 Mei akakamatwa. Ilikuwa wikendi ya Madaraka, kwa hiyo alilala ndani mpaka tarehe 3 Juni alipofikishwa kortini. Shtaka lilitoka kwenye Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018: kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini. Tarehe 20 Juni hakimu akaitupilia mbali kesi, akisema mashtaka hayakuonyesha kosa lolote.

Wengi tulisherehekea hapo, na ilistahili. Lakini tusiharakishe kuondoka. Bunge lilisema hodi. Watu wakaitikia. Sauti za walioitikia zilipoanza kuwa nyingi, kuitikia kukaitwa uvamizi. Na mfumo uliodaiwa kuingiliwa ni upi? Ni sanduku la barua. Sanduku lililowekwa hapo makusudi lipokee barua, na anwani yake ikatangazwa gazetini na wenyewe. Yaani karibu mgeni, lakini usije na wenzako.

Si lazima mambo yaende hivyo. Mwaka 2015 mamlaka ya mawasiliano ya India, TRAI, ilitoa waraka mrefu wa kiufundi wenye maswali 20, ikiomba maoni kuhusu huduma za intaneti na jinsi ya kuzisimamia. Nani atasoma? Vijana wa kujitolea wakaufupisha, wakaunda tovuti yenye kitufe kama kile kile cha Nairobi, kikundi cha wachekeshaji kikatoa video ya kuwaelezea watu kwa nini inawahusu, na barua pepe zaidi ya milioni moja zikamiminika. TRAI ilizipokea. Ilizipokea hata vibaya, kwa sababu ilizimwaga zote mtandaoni na anwani za waliotuma zikiwa wazi, jambo la aibu kwa mtu yeyote anayejua maana ya faragha. Ila zilihesabiwa kuwa maoni. Februari 2016 mamlaka hiyo ikapiga marufuku kampuni za simu kutoza bei tofauti kulingana na unachofungua, na hapo mradi wa Facebook wa Free Basics, ule wa kukupa tovuti chache za bure badala ya intaneti nzima, ukakwama India. Huku kwetu mradi huo huo uliingia kupitia Airtel mwaka 2014, ukiitwa Internet.org. Unakumbuka siku uliyoulizwa?

Kuna jambo moja katika hadithi ya India ambalo wanaharakati huliruka, na mimi naona ndilo lenye utamu. Facebook nao walijifunza. Mwisho wa 2015 waliwawekea watumiaji wao India ujumbe ulioandikwa tayari, wa kuunga mkono Free Basics, wautume TRAI kwa kubonyeza tu. TRAI ikalalamika kwamba zoezi la kushauriana lilikuwa linageuzwa kura ya maoni iliyopangwa na mtu. Sasa tuko wapi? Kitufe cha wanyonge ni sauti ya wananchi, kitufe cha tajiri ni hila? Tukisema hivyo bila sababu, tunachagua timu tu.

Wacha nijaribu kutoa sababu. Sababu moja ikitumwa mara elfu moja inabaki sababu moja. Haizidi kuwa ya kweli kwa kurudiwa, awe anayeirudia ni kampuni au ni mtaa mzima wa Umoja. Anayepima hoja ana haki ya kuisoma mara moja. Lakini watu elfu moja ni watu elfu moja. Wamekuja kama mashahidi kwamba jambo hili linawagusa, na shahidi hahitaji kuwa na maneno yake mwenyewe ndipo aaminike kwamba ameumia. Kijijini mzee mmoja husimama barazani akaongea, wengine wakasema "ni hivyo". Hakuna chifu mwenye akili anayeandika kwamba siku hiyo aliongea mtu mmoja. Kwa hiyo uliza mambo mawili tofauti: hoja ni ipi, na walio nyuma yake ni akina nani, walijua wanachotuma? Huko ndiko kitufe cha Facebook kilianguka. Ujumbe wake haukujibu maswali ambayo mamlaka iliuliza. Na hata huo, dawa yake ilikuwa kuusoma na kuujibu. Hakuna aliyehitaji kulala seli.

Neno hilo, kujibu, ndilo ninalolitafuta tangu mwanzo.

Fikiria nyumbani. Mama anakuuliza, "Leo tupike nini?" Unasema ndengu. Anapika sukuma. Ukimuuliza, atakwambia ndengu zimepanda bei, au zimeisha, au baba yako zinamsumbua tumbo. Hujapata ulichotaka lakini bado wewe ni mtu wa nyumba hiyo. Sasa chukua nyumba nyingine ambako unaulizwa kila siku, unajibu kila siku, sukuma inakuja kila siku, na hakuna anayekwambia lolote. Baada ya mwezi utaacha kujibu. Na utakapoacha, watasema: huyu kijana hana habari na mambo ya nyumba, yeye na simu yake tu.

Ndivyo tunavyosemwa. Ati vijana hawashiriki. Juni 2024 ilionyesha kitu kingine kabisa. Watu waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani kwenye TikTok, wakaufundisha kwenye mijadala ya sauti ya X mpaka usiku wa manane, mtu mmoja akatengeneza programu ya akili mnemba unayoiuliza swali kuhusu mswada inakujibu. Wabunge walipigiwa simu na kutumiwa SMS mpaka wengine wakalalamika. Huo ulikuwa ushirikishaji wa umma mkubwa kuliko wowote nilioushuhudia, na haukuandaliwa na ofisi yoyote. Bunge likaupitisha mswada tarehe 25 Juni. Siku hiyo watu walipigwa risasi nje ya Bunge, na mchana huo huo intaneti ikadorora nchini, siku moja baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kusema haina nia ya kuizima. Kampuni ya simu ikasema ni hitilafu ya nyaya za chini ya bahari. Tarehe 26 Rais akakataa kutia saini. Kwa hiyo jibu lilipatikana, lakini tazama bei yake. Jibu la maoni halipaswi kulipiwa na maiti.

Mahakama zetu zimeligusa suala hili la jibu, na hazikukubaliana. Tarehe 31 Julai 2024, Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, na kati ya sababu zake ni kwamba Bunge halikueleza kwa nini liliyakubali au kuyakataa maoni ya watu. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo. Kutoa sababu ni desturi njema, ilisema, lakini Katiba haiweki wajibu wa wazi kwa Bunge kufanya hivyo.

Sitabishana na majaji kuhusu maandishi ya Katiba. Hiyo ni kazi yao na wanalipwa. Ninachosema ni kwamba kuna deni hapa hata kama hakuna korti ya kulidai. Ukimuuliza mtu maoni yake umemchukulia kitu: muda wake, fikra zake, bando lake, na ule ujasiri mdogo wa mtu ambaye hajazoea kuandikia wakubwa. Umevichukua kwa ahadi, hata kama hukuitamka, kwamba vitatumika kufikiria. Usiporudi kumwambia ulivifanyia nini, umemkopa hukumlipa. Hukulazimika kumkubalia. Kukataa kwa sababu ni malipo kamili. Anayekataliwa akaelezwa anaweza kuja na hoja bora kesho, au akagundua kweli alikosea. Anayekataliwa kimya hana la kufanya na hicho kimya ila kukijaza dhana mbaya. Halafu tunashangaa mitaani kila mtu anaamini kila sheria ina mtu aliyelipwa.

Kusema haki, kamati za Bunge huandika ripoti, na ndani yake mna maoni yaliyotolewa na kamati iliamua nini. Nimezisoma kadhaa kwenye simu, na sipendekezi kwa mtu mwenye kichwa kinachouma. Zipo. Lakini utakaokutana nao humo zaidi ni benki, kampuni za ukaguzi wa hesabu, vyama vya wafanyabiashara, mashirika yenye mawakili. Hao wanajibiwa kifungu kwa kifungu. Mwananchi wa kawaida akionekana, mara nyingi ni ndani ya furushi la "wananchi". Kwa hiyo tusiambiwe haiwezekani. Tayari inawezekana, kwa walio na barua yenye nembo.

Nimeshasikia pingamizi la watu wenye shahada zao. Mambo ya mtandao ni magumu bana, huwezi kumuuliza mama mboga kuhusu usimbaji wa data, waachie wataalamu. Nina heshima kwa wataalamu, wengine ni marafiki zangu waliobaki chuoni. Lakini angalia Huduma Namba. Mwaka 2018 mabadiliko ya sheria ya usajili yalipitishwa ndani ya mswada wa marekebisho mchanganyiko, ule wa kuweka kila kitu kwenye gunia moja, yakaruhusu serikali kukusanya hata DNA na vipimo vya mahali unapoishi kwa setilaiti. Aprili na Mei 2019 nchi nzima ikapanga foleni kutoa alama za vidole. Wataalamu walikuwepo. Walioona tatizo kubwa mapema walikuwa watu kama Wanubi, ambao kwa miaka mingi kijana wao alipotimiza 18 hakupewa kitambulisho mpaka apite kamati ya kumchunguza kama kweli ni Mkenya. Wao hawakuhitaji kozi ya kompyuta kujua kitakachotokea kwa mtu asiye na karatasi huduma zote zikifungwa kwa namba moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Shirika lao, Nubian Rights Forum, likaenda kortini pamoja na wengine. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaondoa DNA na vipimo vya mahali, na wakasema mfumo usiendelee bila kanuni kamili za kuulinda, wakitaja hatari hiyo hiyo ya watu kuachwa nje.

Ujuzi wa kunguni haupatikani kwa mhandisi. Unapatikana kwa kuuliza, na kuuliza mapema, kitanda kabla hakijapigwa misumari. Brazil walipotaka sheria ya msingi ya intaneti, mwaka 2009 Wizara ya Sheria iliweka mtandaoni kanuni na maswali kwanza, watu wakajadili, ndipo rasimu ikaandikwa na kurudishwa kujadiliwa tena mwaka 2010. Ilichukua mpaka Aprili 2014 kuwa sheria, Marco Civil. Polepole mno? Labda. Lakini waliulizwa wakati swali bado lilikuwa swali. Sisi hukabidhiwa jibu lenye kurasa na namba za vifungu, tunaambiwa tuseme kama tunapenda rangi ya jalada.

Kuna upande wa kimya pia. Pwani, na kwa Waislamu kwingi, mwari akiulizwa kuhusu posa akanyamaza, kimya chake huchukuliwa kuwa ridhaa. Nimewasikia watu wakikitumia kisa hicho kutetea kila aina ya kimya, na wanasahau masharti yake: kwamba ameulizwa yeye mwenyewe, anajua anaulizwa nini, na akilia au akikataa, ndoa haipo. Kimya bila hayo hakina tafsiri. Ni kimya tu.

Tarehe 15 Oktoba 2025 nchi ilikuwa inalia. Raila Odinga alikuwa amefariki India asubuhi hiyo, na hakuna aliyekuwa na akili ya kitu kingine. Siku hiyo hiyo Rais alitia saini miswada minane. Mmoja wao ni marekebisho ya ile sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018. Kosa la kumsumbua mtu mtandaoni, ambalo tayari adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni 20 au miaka 10 jela au vyote, likapanuliwa. Wengi walikuja kujua baadaye, wakitoka kwenye maombolezo. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vifungu kwa muda. Watetezi wa sheria wakasema mswada haukufichwa, na ni kweli, ulikuwa Bungeni tangu 2024. Ulibishiwa hodi, wewe hukuitika, kosa ni la nani?

Mimi ningeuliza: hodi hiyo ilibishwa wapi, kwa lugha gani, na walioitikia waliambiwa nini? Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi ya Bunge, Kifungu cha 120 kinasema hivyo pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Mwenye boda, ambaye video moja ya hasira akiwa kituoni inaweza kumfikisha kwenye hiyo milioni 20, anastahili kuisoma sheria kwa lugha anayogombania bei nayo. Na kama mwaka uliotangulia alituma maoni kuhusu mswada mwingine na hakusikia neno, sijui ni kwa msingi gani tunamlaumu kwa kutobonyeza tena.

Ile tovuti yenye kitufe ilikuwa na kosa moja tu machoni pa waliomkamata mwenyewe: ilifanya kazi. Kifungu kile cha KRA na data za wateja, moja ya vilivyopingwa sana katika mswada wa 2025, kamati ya fedha ilipendekeza kiondolewe, na kikaondolewa. Ilikuwa Juni. Niliona habari hiyo kwenye simu, katikati ya tangazo la kamari na video ya mtu akikaanga samaki. Mwezi huo huo mwanamke yule alikuwa nje kwa dhamana, akingoja hakimu aamue kama kuwasaidia watu kuandikia Bunge ni kuvunja kompyuta.